Gari la Bi Mafunda

Kila akitia ufunguo
gari lake la buluu husema neno,
sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu za mgeni
anayevua viatu mlangoni:
kaado ga soonyuu sarete imasen.

Machomanne nzima tumeshalifasiri.
Hamadi wa matairi asema ni bei ya petroli.
Kijana wangu Makame aapa ni dua ya safari.
Na marehemu Mbarouk, aliyelitoa bandarini Mkoani
likiwa bado lanuka manukato ya watu wengine,
alikuwa akiliitikia, "Waalaikumu salamu, mama,"
kisha ndipo atie gia.

Mie nikaona haya.
Miaka kumi na mbili nafungua vifua vya magari haya,
figo zao nazijua, kikohozi chao nakijua,
salamu yao siijui.

Nikanunua daftari la kurasa arubaini na nane.
Usiku, umeme ukiwepo, simu hunisomesha;
ukikatika, naandika na kurunzi menoni.
Alifu niliifunzwa kwa kijiti, kulia kuja kushoto.
Skuli wakanigeuza, kushoto kwenda kulia.
Hizi nazo nimezikuta zateremka toka juu
kama sisimizi ukutani walioona sukari.
Herufi ya "nu" imenishinda:
kila nikiichora, yatoka waya wa plagi uliojisokota.

Lakini sauti! Sauti ni zetu.
Ka, ki, ku, ke, ko, kinywa chabaki wazi
kama cha mtoto wa chuoni.
Nikadhani nimefika.
Kumbe maneno yana majina ya ndugu wasiojuana.
Kesho, kwao, ni wanja na poda.
Moshi huitikiwa kwenye simu, tena mara mbili.
Pweza nisimtaje kwa Kijapani mbele ya wakwe,
na dubu, astaghafirullah,
dubu nimemfuta kabisa daftarini.
Hai ni ndiyo.
Hana ni ua.
Mimi ni sikio.
Hilo nililikalia siku tatu, spana mkononi:
mimi, sikio.

Kinachonitesa ni mwisho wa sentensi.
Sie hapana yetu tunaiweka mlangoni,
ha-, si-, waijua kabla hujakaa.
Wao hukukaribisha, wakakuandalia,
kitu hiki hapa, kitendo hiki hapa,
ukishatabasamu
ndipo waje na masen.
Hakuna.

Ndivyo nilivyoifumua, Jumatano,
breki zake zimetapakaa juu ya gunia.
Kaado nikaijua hapo hapo, kadi.
Soonyuu niliitafuta hadi simu ikazima.
Kadi haijatiwa.
Basi. Kadi ya kulipia barabara
za huko lilikotoka, ambazo Pemba nzima hatuna hata moja.
Si dua. Si salamu. Wala bei ya petroli.

Bi Mafunda alikuja baada ya alasiri,
akaketi penye usukani, akatia ufunguo.
Likasema lake.
"Waalaikumu salamu," akaliitikia,
kwa lafudhi ile ile ya mumewe, ila ndogo zaidi.
Kisha akanigeukia:
"Naambiwa wajifunza. Haya, lanena nini?"

Nina grisi mpaka viwikoni.
Nina kadi, nina barabara, nina kitenzi na kikanusho chake,
na vyote vimenikwama kooni kama mwiba wa changu.
"Lasema, bibi," nikamwambia,
"kuna kitu hakipo mahali pake."

Makame akaacha kugonga.
Bi Mafunda akaupapasa usukani, huku na huku,
kama afutaye vumbi ambalo halikuwepo.
"Hilo," akasema, "nalijua."
Akatia gia.

Usiku ule nikaandika "nu" kurasa mbili nzima.
Bado yatoka waya.